Jumamosi na Komwe: shajara ya mradi, Januari hadi Aprili 2025

Kabla ya kuanza

Naandika kwenye kaunta buku ya kwaya mbili, ile ya jalada gumu jeusi. Kikundi cha kujitolea cha mtaani kwetu, hapa Tanga, kimeniomba niwe mlezi wa hiari wa mtoto mmoja. Tutakuwa pamoja kwa muda wa saa tatu kila Jumamosi, kwa miezi minne, halafu tuone. Masharti yao manne: tuwe mahali pa wazi, bibi yake ajue tulipo, kabla ya magharibi mtoto awe nyumbani, na nisimpe fedha mkononi. La tano nimeliongeza mwenyewe: niandike tulichofanya, kiligharimu kiasi gani, na kama mwenyewe angependa kukirudia.

Mtoto ana miaka kumi, yuko darasa la nne. Analelewa na bibi mzaa mama. Mama yake yuko Oman, kazi za ndani, huu mwaka wa pili. Humu nitamwita Komwe, jina alilojichagulia mwezi wa pili, na sababu yake itaonekana. Yeye ananiita Anko. Mimi ni karani bandarini, sina mtoto, na uzoefu wangu na watoto ni wa kwenye harusi na misiba.

4 Januari. Kuonana

Nilifika na orodha ya mambo ishirini ya kufanya na mtoto, niliyoiandika usiku wa kuamkia leo. Nikamwuliza anapenda nini. "Chochote." Mpira je? "Ndiyo." Timu gani? "Yoyote."

Katika mji wa Coastal Union, mtoto wa kiume akikujibu "yoyote" ujue ama anaumwa ama hataki kuongea na wewe. Huyu alikuwa mzima wa afya.

Wakati naaga, bibi alinisindikiza hadi kwenye mchongoma. "Mwanangu, huyu ukimuuliza hasemi. Mpe kazi." Nikaandika maneno hayo hapa, kisha nikayapuuza wiki nzima.

Gharama: 0. Angependa kurudia? Sikuthubutu kuuliza.

11 Januari. Chipsi kuku

Nilimpeleka kwenye hoteli moja yenye bembea na bwawa la watoto, nikidhani nimemaliza kazi. Tulikaa chini ya feni. Aliletewa sahani iliyomzidi kimo. Alikula chipsi chache, kuku hakumgusa. Bembea aliitazama tu. Watoto wengine walikuwa na mavazi ya kuogelea, yeye alikuja na shati la Ijumaa lililopigwa pasi.

Baada ya nusu saa akaniuliza, kwa sauti ya kumwogopa mhudumu, kama anaweza kumfungia kuku. Nikasema mfungie. Akamfunga kwenye karatasi ya tishu, pande moja kwa moja, akahesabu: bibi moja, mdogo wake moja, na moja akasita nalo, kisha akalisukuma upande wangu. Mimi nilikuwa nimeshakula wa kwangu mzima, hadi mfupa.

Gharama: 28,500. Angependa kurudia? Alisema "ndiyo" kwa adabu. Nimeandika hapana.

Ile orodha ya mambo ishirini nimeichana. Kumi na mbili kati yake yalikuwa ya kununua.

18 Januari. Kishada cha kwanza

Leo nilimpa kazi. Nilifika na karatasi mbili za kaki, zile za kujalidia madaftari, na uzi wa nailoni, nikamwambia nataka kutengeneza kishada na nimesahau namna. Sehemu ya pili haikuwa uongo. Enzi zetu kishada kilikuwa Rambo moja na chelewa mbili, basi, kinapanda. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na sizililii Rambo, ila kwa upande wa vishada hakuna kilichoziba pengo lake.

Gundi tulipika wenyewe: unga wa ngano vijiko viwili, maji kikombe, moto mdogo, koroga usiache. Kukoroga alikukamata yeye, na alikoroga kwa umakini wa mpishi wa pilau la harusi. Chelewa tulizichomoa kwenye fagio la bibi bila kuomba ruhusa, na hili lilikuja kutugharimu.

Kishada kilipanda mita tatu, kikazunguka, kikapiga mbizi kama mnandi. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu nilikimbia nacho mwenyewe, na viatu vya ofisini, hadi nikateleza kwenye mchanga nikakaa. Komwe alicheka. Ni mara ya kwanza kumsikia, na ana kicheko cha mtu mzima, cha kifuani.

Gharama: 2,100, pamoja na fagio jipya. Angependa kurudia? "Tumekosea mkia, Anko." Nikaandika ndiyo.

25 Januari. Kishada cha pili

Hii nitaiandika kwa kirefu kwa sababu kila kitu kilikwenda.

Kwanza mifupa. Chelewa ni laini upande wa nchani, upepo ukiipiga inapinda bawa moja tu, na hapo ndipo kuzunguka kunapotoka. Tukapasua mwanzi, tukauchonga kwa kisu hadi ukawa mwembamba kama penseli. Kisu nilishika mimi, yeye alikuwa mkaguzi: anaulaza ufito juu ya kidole chake cha shahada, ukiinamia upande mmoja ananirudishia. Alinirudishia mara nne.

Pili, kamba ya kifuani. Nyuzi mbili, moja kutoka juu na moja kutoka chini ya msalaba, zikutane mbele ya kishada, juu kidogo ya katikati. Fundo lake likishuka sana kishada hakipandi.

Tatu, mkia, na huu ni ugunduzi wake. Alichana khanga kuukuu (safari hii aliomba) akafunga mkia mrefu kupita kiasi kwa makusudi, halafu akawa anapunguza shubiri moja kila jaribio. "Ukiwa mfupi kinazunguka. Ukiwa mrefu hakipandi." Mkia uliokubali ulikuwa mara tano ya urefu wa kishada. Ameuandika nyuma ya daftari la hisabati.

Wakati gundi inakauka tulichora silikanti. Kila mtu wa Tanga amewahi kumsikia samaki huyu, wachache wamemwona. Nilimwambia Komwe kwamba wataalamu walimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakaamini ametoweka duniani pamoja na dinosaria, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi mwaka 1938 mmoja akanaswa na wavuvi Afrika Kusini. Kuanzia 2003 wakaanza kunaswa huku kwetu pia, kwenye nyavu za kina kirefu, na tangu 2009 sehemu ya bahari yetu ni hifadhi kwa ajili yake. Ana mapezi yenye nyama kama vikono, na hatagi: huzaa watoto hai.

Komwe alipaka buluu, akadondoshea vidoa vyeupe kwa kijiti cha kiberiti. Alifikiri muda. "Wangeuliza wavuvi mapema."

Uwanja: nilitaka Raskazone, ufukweni, pazuri kwa macho. Lakini kaskazi inavuma kutoka baharini kuja nchi kavu, na nyuma ya ufukwe kuna miembe na nyaya za umeme. Tukaenda uwanja wa mpira wa shule, hauna kitu ila magoli mawili. Sheria zetu ni mbili: karibu na waya hatukirushi, na uzi uliolowa hautumiki. Kikinasa kwenye nguzo, kimekwenda, hakuna kukifuata.

Kilipanda kwa mkupuo mmoja. Uzi wa nailoni wote ukaisha kwenye kijiti. Komwe aliushika kwa mikono miwili, mwili ameuegemeza nyuma, akasema, "Kinavuta kama samaki." Watoto wakatokea nisikojua, kumi na kitu. Nilijiandaa kupanga foleni, kumbe yeye ameshapanga: kila mtu anashika hadi ihesabiwe hamsini, wadogo kwanza. Mtoto aliyejibu "yoyote" wiki tatu zilizopita alikuwa anaamuru kikosi.

Gharama: 1,500. Angependa kurudia? Hili swali halikuwa na haja.

1 Februari. Sikwenda

Meli iliingia, kazini tukaambiwa hakuna kutoka. Nilipiga simu ya bibi mara mbili, haipatikani. Nikajiambia atajua kwamba nina kazi.

8 Februari. Madeni

Nilimkuta ndani. Alisema ana kazi ya nyumbani ya shule. Bibi ndiye aliyenieleza: Jumamosi iliyopita alikaa kwenye ngazi tangu saa tatu asubuhi, kijiti cha uzi mapajani, hadi adhana ya adhuhuri. Kisha akaingia ndani, akakiweka kishada juu ya kabati.

Nilimwambia Komwe kwamba nilikosea, kwamba ilinipasa kumtuma mtu hata kama simu haipatikani. Akajibu "sawa," ile sawa ya kufunga mlango. Basi nikakaa. Alifanya kazi yake ya kugawanya, mimi nikakaa pembeni nikichonga penseli. Hesabu ya sita alikwama, akalisogeza daftari sentimita tano upande wangu. Hakusema kitu, na mimi nikasaidia bila kusema kitu.

Utaratibu mpya: Ijumaa jioni nikijua sitakuja, natuma ujumbe kwa Mangi wa dukani, maana duka lake halizimi simu, na mtoto wa Mangi anakwenda kusema. Huu utaratibu ungepaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa daftari hili.

Gharama: kichongeo, 200.

15 Februari. Komwe

Nilitaka kumfundisha bao, sina bao. Bao la mbao zuri ni ghali, na la kuchonga wenyewe lingetuchukua hadi Idd. Trei ya mayai ina vishimo 30, sita kwa tano. Bao linataka mashimo 32, nane kwa nne. Nilimwachia tatizo hilo na trei mbili tupu na mkasi. Alizigeuza, akahesabu kwa kidole, akakata kila moja ikabaki nne kwa nne, akaziunganisha kwa sindano ya kushonea magunia. Dakika ishirini. Mimi nilikuwa nimekusudia kukata trei moja na kubandika vipande vya nyingine.

Kete: tunahitaji 64. Anajua mkomwe ulipo, nyuma ya kichaka cha kushukia pwani. Mti wenyewe ni mtambaazi wenye miiba iliyopinda kama ndoana, na vifuko vyake navyo vina miiba, kwa hiyo tulivuna kwa fimbo na subira. Komwe zenyewe ni za kijivu, zinang'aa kama zimepakwa vanishi, ngumu kama jiwe. Tulipata 71, saba tukazitupa.

Nilikuwa nainamia kuhesabu aliponishika mkono akaniambia, "Anko, hii ni ya moto, hebu ishike." Alikuwa ameisugua kwenye sakafu ya saruji nyuma ya mgongo wake. Waliokulia pwani wanajua kilichofuata. Nimekumbuka darasa la tatu na kovu dogo nililonalo hadi leo. Nilipiga yowe, bibi akatoka mbio na mwiko. Alianza kumgombeza, halafu akaiona sura yangu, akakaa chini kucheka.

Kuanzia leo anataka aitwe Komwe. "Kwa sababu nikisuguliwa napata moto."

Gharama: 0. Malengelenge: moja, kiganja cha kushoto.

22 Februari. Pancha

Baiskeli yangu ni Phoenix kuukuu. Katika mji huu mtu asiyejua kuziba pancha ni kama mvuvi asiyejua kufunga fundo, na Komwe alikuwa hajui. Tulipindua baiskeli, tukaishusha tairi kwa vijiko viwili vya chai (usitumie bisibisi, utatoboa pengine), tukatoa tyubu, tukaipiga pampu na kuizamisha kwenye karai la maji kidogo kidogo hadi mapovu yakatokea. Akaishika tundu kwa kidole kama anayeziba filimbi. Kausha, msasa, solusheni, subiri.

Kusubiri ndiko kugumu. Kiraka ukikibandika solusheni ikiwa bado mbichi hakishiki, iache hadi ukiigusa isinate. Dakika tano hivi. Kwenye hizo dakika tano, macho yake yakiwa kwenye tyubu, aliniambia mama yake hupiga simu usiku, kwao huko ni saa moja mbele, na akipiga, Komwe huwa amesinzia, kesho yake hakumbuki walichoongea. Mimi nilitazama tyubu vilevile. Nikasema, "Hiyo tayari, bandika."

Gharama: 1,000. Kurudia: anataka baiskeli ipate pancha nyingine.

1 Machi. Bao

Tulianza na bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, kwani 64 kwa 32 inaingia sawasawa. Unasomba kete za shimo moja, unazitawanya moja moja. Ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu ya mwenzako. Ikiangukia shimo la mbele lenye kete na kwa mwenzako mkabala pana kete, unamla. Alishika haraka. Mchezo wa tatu alinifunga na sikumwachia.

Mzee mmoja wa barazani alisimama akatutazama. "Shikamoo babu." "Marahaba. Hilo la mayai?" Akacheka, akavuta kigoda. Alituonyesha namna bao lenyewe la Kiswahili linavyoanza: ubaoni kila mtu ana kete kumi tu, sita kati yake ziko kwenye nyumba, na nyingine 22 unazo mkononi, unanamua moja kila zamu. Komwe aliuliza kwa nini zote zisianze ubaoni. Mzee akamjibu, "Mtu mwenye akili hatoi mali yake yote nje siku ya kwanza."

Tumealikwa barazani baada ya mfungo. Trei imeanza kulainika kwa jasho la mikono, itahitaji kubandikwa karatasi.

8 na 15 Machi. Kaimati

Ramadhani. Mimi nimefunga, yeye amejaribu, ameishia saa nane mchana na hatutaliongelea. Bibi ametufundisha kaimati, sote wawili wanafunzi. Unga, hamira, iliki, maji ya uvuguvugu, upige kwa mkono hadi uvutike na kutoa mapovu, uufunike. Ukiumuka, unakamata kinyunya, unakiminya kitokeze juu ya ngumi kati ya gumba na shahada, unakikata kwa kijiko kilicholoweshwa, kinaingia kwenye mafuta kikiwa duara.

Vya bibi vilikuwa duara. Vya Komwe vilikuwa na mkia, kama viluwiluwi. Vyangu bibi alivitazama akasema, "Hivi tutasema ni vya Kimanga." Mafuta ya moto alisimamia bibi mwenyewe; kazi ya Komwe ilikuwa kuvibingirisha kwenye shira, na hapo ndipo nadhani hamu ya kufunga ilipomwishia.

Wiki ya pili vyake vilikuwa vizuri kuliko vyangu. Alivihesabu, akapeleka kumi kwa Mangi kwa ajili ya "kazi ya simu". Sikumtuma.

Gharama, wiki zote mbili: 9,000.

22 Machi. Matembezi

Hatukufanya kitu, tulitembea mjini hadi baharini wakati jua limepoa. Nilimsimulia vita vya Tanga vya Novemba 1914: meli za Waingereza zilivyoleta askari wapatao 8,000, wengi kutoka India, dhidi ya askari wa Wajerumani wapatao 1,000, na mizinga ya nyuki ilivyovurugwa na risasi, nyuki wakawatoa watu vichakani. Waingereza wakashindwa, wakarudi melini.

"Nyuki walikuwa timu gani?"

"Yoyote," nikamjibu.

Alisimama katikati ya barabara akacheka hadi akashika magoti. Kumbe anakumbuka.

29 Machi. Idd imekaribia, kila mtu mbio. Nilipeleka sukari, nikaondoka.

5 Aprili. Mapango ya Amboni

Ndiyo safari kubwa pekee ya mradi. Mapango yako kama kilomita nane kaskazini mwa mji. Niliuliza kwanza: unataka kwenda? Akauliza kuna kazi gani huko. Nikamwambia kushika tochi.

Tulipanda daladala, tukamalizia kwa miguu. Ndani ni mawe ya chokaa, kuna mahali unapita kwa kuinama na mahali dari inapaa hata mwanga wa tochi unachoka njiani. Popo wapo, wananuka. Mwongozaji alitumulikia maumbo ya mawe, hili meli, lile kochi. Akatusimulia hadithi ya Wazungu walioingia na mbwa wao: wao hawakuonekana tena, mbwa akaja kutokea Kilimanjaro. Kuna pembe moja yenye vitambaa na chupa za maji ya waridi, wanakokwenda watu wenye haja zao kuomba. Komwe alishusha tochi chini bila kuambiwa.

Kosa langu: sikumwuliza kama anaogopa giza. Mwongozaji alipotuambia tuzime tochi ili tuone giza la kweli, mkono ulinishika mkanda na haukuachia hadi tulipotoka nje. Niliacha kuutaja. Njiani kurudi alisema, "Anko uliogopa sana. Nilikushika."

Nikamshukuru.

Gharama: 17,400, viingilio na nauli. Kurudia: "Mwakani."

12 Aprili. Mvua. Masika imeingia kwa nguvu, mtaro wa nyuma ya nyumba umefurika. Tulicheza bao ndani, 3 kwa 1, sitasema nani tatu. Kete nne zimepotea, tunashuku mdogo wake.

19 Aprili. Vitendawili

Mvua tena. Umeme umekatika. Tulikaa barazani, bibi anachambua mchele, kishada kiko juu ya kabati, bao limelowa. Nikasema, basi leo vitendawili.

Bibi alituchapa. Kuku wangu katagia mibani: nanasi. Hilo nililijua. Yaliyofuata sikuyajua, nikatoa miji hadi nikabaki sina mji Tanzania hii. Kwa wasiokulia kwenye mchezo huu: ukishindwa kufumbua, mwenye kitendawili anasema "nipe mji," unamtajia, akiukubali anajisifu alivyokwenda huko na alivyopokelewa, ndipo anakupa jibu. Akiukataa, unamtafutia mwingine.

Komwe akasema ana chake, amekitunga mwenyewe.

"Kitendawili."

"Tega," tukasema.

"Ndege wangu nikimfunga anaruka, nikimfungua anaanguka."

Mimi nilijua mara moja, nikanyamaza, kwani alikuwa anamtazama bibi. Bibi alichekecha ungo mara mbili. Akasema popo. Sio. Akasema jahazi. Sio. "Basi nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Dar es Salaam."

"Siutaki."

"Haya, Mombasa, mji mkubwa huo."

"Siutaki."

"Zanzibar."

"Siutaki."

Ungo ukatulia. Mvua ilikuwa inapiga bati, na bibi alisema polepole, "Nakupa Maskati."

"Mji huo!" Akasimama. "Nimekwenda Maskati, nimefika usiku, mama alikuwa hajalala. Nikampelekea kaimati, kumi, zote duara. Akaniuliza umekuja na nini, nikamwambia nimekuja na ndege. Akaniuliza ndege gani huyo wa khanga, nikamwambia ni kishada."

Kisha akakaa, akatujulisha kwa sauti ya kawaida kwamba jibu ndilo hilo, kishada.

Bibi alisema mchele una mawe mengi mwaka huu. Ikumbukwe kishada hicho kilitengenezwa kwenye uwanja wake, kwa fagio lake na khanga yake, Jumamosi mbili mfululizo.

Umeme uliporudi Komwe aliomba simu yangu, akarekodi kitendawili chote tangu mwanzo, na Maskati yake, tukamtumia mama kupitia simu ya bibi. Hivyo hata kama amelala, ataisikia akiamka.

Gharama: 0.

26 Aprili. Hesabu ya miezi minne

Sikukuu ya Muungano, sina kazi. Nimejumlisha: 59,700 pamoja na hasara ya ile hoteli, bila ile sukari ya Idd. Ukitoa hoteli na Amboni, mengine yote yamegharimu 13,800. Kikundi kimeuliza kama naendelea, nimejibu ndiyo. Vya kufanya: komwe nne, kubandika bao, na kwenda barazani kwa mzee. Kusi ikianza, mkia wa kishada upimwe upya, Komwe anadai upepo si ule ule.

Nilipofika leo alikuwa ngazini na simu ya bibi. Mama amejibu. Alituwekea sauti tusikilize: anacheka, anasema kishada hakukiweza kabisa, na yeye ana chake. Nyumba yangu haina mlango.

Hicho hata mtoto wa chekechea anakijua. Ni yai. Mdogo wake alishafungua kinywa kujibu, Komwe akamziba kwa kiganja. Akabonyeza kurekodi, akaisogeza simu mdomoni.

"Mama, nimefikiri sana, nimeshindwa. Nakupa mji. Nakupa Tanga."

Gharama: bando, 1,000.